Posti fupi ya biashara: jinsi ya kuifanya isambae na kujua mteja katokea wapi

Wauzaji wengi wa zabibu hapa Dodoma hawana tovuti, wala hawaihitaji sana. Wana WhatsApp, ukurasa wa Facebook na pengine Instagram. Ninaowasaidia kuendesha kurasa zao huuliza swali lile lile: walaiki nimewaona, aliyenunua katokea wapi? Kulijua hakuhitaji kulipia chochote.

Hatua ya 1: Posti ijitosheleze

Posti ikishafowadiwa haiendi na komenti zako. Kila kitu kiwe ndani yake:

"Zabibu nyekundu za Mpunguzi. Kilo sh. 4,000. Soko la Majengo, Jumamosi 15 Machi, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni."

Umeona hakuna neno "leo"? Hiyo "leo" ikifika kwenye kundi la familia fulani Singida siku ya Jumatano, utapigiwa simu za mzigo uliokwisha. Bei na namba ya simu ziandike pia juu ya picha yenyewe, maana watu huipakua na kuiweka stetasi bila maneno yake. Kwa wanaotumia X, akaunti ya kawaida ina kikomo cha herufi 280, na kila linki huhesabiwa 23 hata iwe ndefu vipi, kwa hiyo usihangaike kuifupisha.

Hatua ya 2: Alama ya reli (hashtag, #)

Moja ya bidhaa, moja ya jina la biashara, inatosha. Isiwe na nafasi wala kistari, la sivyo inakatikia hapo. Kila neno lianze na herufi kubwa ili isomeke: #ZabibuZaDodoma. Itafute kwanza uone nani mwingine anaitumia.

Hatua ya 3: Linki yenye kodi (herufi na namba za kuonyesha mteja katokea posti ipi)

Hapa ndipo kazi ilipo. Tengeneza linki ya namna hii:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nahitaji%20zabibu%20FB1

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Kila %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka ujumbe ukiwa umeshaandikwa, yeye anatuma tu. FB1 maana yake posti ya kwanza ya Facebook. Stetasi ipe ST1, kundi la mtaa MT1, Instagram IG1. Kwa Instagram linki iweke kwenye wasifu, kwa sababu kwenye maelezo ya posti haibonyezeki.

Usiifiche linki hiyo ndani ya linki fupi isiyoeleweka. Watu wameshachoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", wakiona linki ya ajabu wanapita. Kabla ya kuposti, ijaribu kwa simu nyingine.

Hatua ya 4: Hesabu jioni

Fungua WhatsApp, andika FB1 kwenye sehemu ya kutafutia, na wote waliotokea huko watajipanga. Daftarini weka safu tatu: kodi, walioulizia, waliolipa. Safu ya tatu ndiyo ya kuamulia. Facebook ikileta maulizo mengi bila malipo, na kundi la mtaa likaleta wachache wanaolipa, nguvu yako ipeleke mtaani. Anayepiga simu moja kwa moja, au aliyefuta kodi, muulize tu: "Umetuona wapi, ndugu yangu?"

Mwenye tovuti hufanya vivyo hivyo kwa kuongeza ?utm_source=facebook mwishoni mwa linki, kisha anasoma matokeo kwenye Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti. Andika kwa herufi ndogo siku zote, kwani "Facebook" na "facebook" huhesabiwa kama vyanzo viwili tofauti.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu ukibadilika, usirudie kodi ya zamani: endelea na namba inayofuata, mfano FB2, kwa sababu posti za msimu uliopita bado zinazunguka kwenye makundi.