Kabla hujampandisha mgonjwa wa saratani ya damu basi la Dar

Mimi nauza vitenge sokoni Masasi, si daktari. Ila tangu mdogo wangu aanze kutibiwa saratani ya damu, watu wananifuata dukani, wengine kutoka Newala na Nachingwea, wakiniuliza, "Dada, nyie mlianzia wapi?" Jibu langu ni lile lile: tulianzia maabara, huku huku kusini. Ukifika Muhimbili, hospitali ya taifa kule Dar, na mgonjwa mikono mitupu, siku zenu za kwanza, ambazo ndizo zenye hela, zitaishia kurudia vipimo ambavyo mngeweza kuvifanya nyumbani.

Kipimo cha mwanzo ni FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu. Ulizeni hospitali za Mkomaindo, Ndanda, Ligula, au Sokoine kwa walioko Lindi. Mdogo wangu alikuwa mtu wa ugali, halafu ikafika mahali matonge matatu tu kashiba, na mkanda wa suruali anaulegeza tundu baada ya tundu. Kila mtu akasema bandama, malaria sugu hiyo. Bandama ilikuwa imevimba kweli. Lakini karatasi ya FBP, ambayo kwa mtu mzima huonyesha chembe nyeupe kati ya 4 na 11, kwake ilipita 200. Mkiona namba ya namna hiyo, ombeni damu itazamwe na kwa hadubini: tone linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, mtaalamu analiangalia kwa macho yake. Mashine ni hodari wa kuhesabu, lakini chembe changa za saratani zinahitaji jicho la mtu. Halafu tolea nakala majibu yote siku hiyo hiyo, maana ile karatasi laini ya mashine hufifia, hasa ikikaa kwenye jua au mfukoni.

Wenye mitoki, yale mavimbe ya shingoni au kwapani ambayo nayo yanaweza kuwa saratani, wana njia yao. Kwetu huku mtu akivimba shingo haraka haraka inasemwa TB, na mara nyingi ni TB kweli. Ila mgonjwa akimeza dawa za TB miezi miwili na mitoki inazidi kukua, mwambieni daktari akate ipimwe. Na kabla haijakatwa, mgonjwa asianze kumeza prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, bila daktari kujua kuna wasiwasi wa saratani. Dawa hiyo hunyausha mitoki kwa muda, mnafurahi, kumbe imefuta ushahidi ambao mpimaji alitakiwa auone. Nyama iliyokatwa huwekwa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuizuia isioze, kisha hugandishwa kwenye nta, wenyewe wanaita bloku. Ombeni bloku na vioo vyake mwende navyo Dar. Msibebe majibu ya karatasi peke yake, bingwa atataka kuangalia mwenyewe.

Mtoto aliyevimba taya na meno yakaanza kulegea, msimpeleke kung'olewa meno kisha mkakaa kusubiri. Kuna saratani ya watoto inaitwa limfoma ya Burkitt, inapatikana sana maeneo yenye malaria kama yetu, na inakua kwa kasi ya ajabu. Inatibika vizuri kwa dawa za mishipani ikiwahiwa. Hapo msingoje mnada wa korosho wala kikao cha ukoo. Muhimbili kuna taasisi ya Tumaini la Maisha inayosaidia matibabu ya watoto wenye saratani bila malipo, na mzazi husaidiwa pia mahali pa kukaa.

Nimetaja kikao, basi niseme. Kwetu mjomba hajasema, mgonjwa haondoki. Sisi tulimwita mjomba akasikilize kwa daktari mwenyewe, maana pale nyumbani kulikuwa na kambi mbili: ya salfa ya mikorosho na ya kurogwa. Daktari akamweleza kwamba aina hii ya mdogo wangu, lukemia sugu ya mailoidi, hutokana na vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22, zile nyuzi zinazobeba maelekezo ya chembe, kubadilishana nafasi ndani ya chembe za uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Haiambukizi, na watoto hawairithi. Mjomba alipotoka pale, yeye ndiye aliyewanyamazisha wengine.

Rufaa iandikwe vizuri. Itaje kitengo cha magonjwa ya damu, na iseme Muhimbili ipi, Upanga au Mloganzila, maana kuna watu wameshuka Mbagala usiku na asubuhi wakaenda siko. Mwenye mitoki anayehitaji mionzi anaweza kuelekezwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar. Hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, nayo iulizeni kwanza, huenda sehemu ya vipimo ikaishia huko. Kliniki za mabingwa zina siku zake, kwa hiyo pigeni simu kabla, msije mkafika Ijumaa jioni mkala nauli ya kurudi kwa kulipia gesti.

Pesa. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya kaya ya watu sita, ilipangwa kuishia hospitali ya mkoa. Kwa hiyo kama kadi yenu bado inafanya kazi, vipimo vya FBP na kulazwa huku, itumieni. Kwa Dar, asiye na uwezo achukue barua ya mtendaji na afike kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijaanza kuhesabika. Nawaomba sana msiuze korosho kwa kangomba, ule ununuzi wa kichochoroni wa kupimia bakuli, ili mpate nauli. Mnunuzi akishajua una mgonjwa, bakuli lake linakua na bei inashuka. Afadhali ukoo uchange.

Huko watapima uboho. Mgonjwa hulala ubavu, magoti kayakunja, anachomwa ganzi nyuma ya nyonga, kisha sindano inaingia mfupani. Mdogo wangu alisema sindano yenyewe aliivumilia, kilichomshtua ni ule mvuto wanapovuta uboho, sekunde chache tu. Mwambieni mapema asije akaruka.

Aina ya mdogo wangu hutibiwa kwa vidonge vya imatinib, kwa kawaida miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kliniki waulizeni kuhusu mpango wa The Max Foundation, ambao umekuwa ukiwapatia wagonjwa wa aina hii dawa bure. Akinenepa asiache dawa. Asile balungi, huchafua kiwango cha dawa mwilini. Na akikutwa na TB, aonyeshe vidonge vyake kabla ya kuanza rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, kwa sababu hiyo hupunguza nguvu ya imatinib.

Anayechomwa dawa za saratani za mishipani, nyumbani kwake kuwe na kipimajoto. Joto likifika 38, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi ndiyo kinga huwa chini kabisa. Malaria ikionekana, itibiwe, lakini semeni wazi kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa za saratani na ombeni FBP. Sindano ya diklofenaki na aspirini, zile za maumivu, ziepukwe kama chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini, zinaweza kumfanya avuje damu.

Mwisho ni barabara. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata njia pale Somanga na kusini tukabaki peke yetu. Tangu hapo sisi hufuata dawa za mdogo wangu kabla masika hayajakolea. Mvua ikianza na mmebakiwa na vidonge vya wiki mbili, pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo, msingoje kopo litoe mlio wa kidonge kimoja.