Kuzungusha kilima juu ya tufe: jaribio la ikweta lisikudanganye

Kabla hujaandika modeli nzima ya angahewa, sogeza kitu kimoja tu: kilima cha kubuni cha urefu wa mita 1,000 kinachosukumwa na upepo kuizunguka Dunia kwa siku 12. Ni jaribio la kwanza kati ya yale ya kupima modeli yaliyopendekezwa na Williamson na wenzake (1992), na jibu lake unalo tayari: siku ya 12 kilima kiwe palepale kilipoanzia.

1. Gridi. Gawanya uso wa Dunia katika seli za digrii 1, yaani 360 kwa 180. Eneo la kila seli ni `a*a * dlon * (sin(lat2) - sin(lat1))`: `a` ni nusu kipenyo cha Dunia, `dlon` ni upana wa seli kwa longitudo, `lat1` na `lat2` ni latitudo za kingo zake za kusini na kaskazini. Geuza digrii ziwe radiani kwanza. Ukiiuliza kompyuta `cos(60)` itakujibu -0.952, wala haitalalamika.

2. Upepo. Usiukadirie katikati ya seli. Kwenye pembe zake kokotoa psi, namba ambayo upepo unatolewa kutoka kwayo:

`psi = -a*u0*(sin(lat)*cos(alfa) - cos(lon)*cos(lat)*sin(alfa))`

Tofauti ya psi kati ya pembe mbili ndiyo mtiririko unaovuka upande ule, na kinachoingia kwenye seli hulingana na kinachotoka. `u0`, kasi kamili ya upepo, ni kama mita 38.6 kwa sekunde; `alfa` ni pembe ya kuinamisha njia ya kilima kutoka ikweta.

3. Kusogeza. Kila upande utumie kimo cha kilima (`h`) katika seli ambako upepo unatokea. Njia butu hii, kilima kitarudi kimesinyaa. Kwa kujifunza inatosha.

4. dt, yaani muda wa kila hatua ya hesabu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwa `alfa = 0` kilima hufuata ikweta: siku 12 kwa seli 360 ni dakika 48 kwa seli. Kuelekea nchani seli hupungua upana, lakini upepo nao hupungua kwa kiasi kilekile, hivyo dakika 48 ndizo kikomo kila mahali. Niliweka dakika 40, kikazunguka vizuri, nikafurahi. Nikageuza `alfa` iwe digrii 90 ili kipite juu ya ncha. Mara namba zikalipuka, skrini nzima `nan` (si namba).

Sababu: kwenye digrii 89.5 seli ina upana wa mita 970 hivi, si kilomita 111, na sasa upepo unaikata kwa kasi kamili. 970 gawanya kwa 38.6 ni sekunde 25. Weka 20.

5. Ukichoka kusubiri, unganisha seli jirani karibu na ncha, au hamia gridi ya mchemraba uliovimbishwa kuwa tufe. Mimi ningeanza na kuunganisha.

Mwishowe jumlisha `h * eneo` mwanzo na mwisho. Zikitofautiana kabla ya tarakimu ya kumi, rudi hatua ya 2 na ya 3.