Kubadilisha pampu ya petroli na nyaya zake katika Subaru Impreza yenye turbo

Mwenye Impreza ya turbo anapotaka kuongeza nguvu ya injini, mara nyingi fedha yake ya kwanza huishia kwenye turbo kubwa, bomba pana la moshi na programu mpya ya kompyuta ya injini, na pampu ya petroli hukumbukwa baadaye, gari linapoanza kukatakata kwenye mzunguko mkubwa. Utaratibu huo ni wa hatari. Injini ya EJ20, ile ya lita mbili iliyomo katika magari haya, inapokosa petroli wakati turbo inasukuma hewa kwa nguvu zote, joto ndani ya silinda hupanda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika katika muda mfupi kuliko ule ambao dereva angehitaji kuondoa mguu kwenye kanyagio. Kwa sababu hiyo pampu na nyaya zake ni kazi ya kutangulia mabadiliko mengine.

Maelezo haya yanahusu Impreza WRX na STI, yaani matoleo yenye turbo, za kizazi cha pili, zilizotengenezwa kati ya 2000 na 2007, ambazo zimeingia Afrika Mashariki kwa wingi zikiwa zimeshatumika Japani. Forester ya turbo inafuata mantiki ileile, ila mahali pa vifaa hutofautiana. Anayefanya kazi hii awe na uzoefu wa umeme wa magari, au awe na fundi mwenye uzoefu huo pembeni yake.

Pima kabla ya kununua

Kiasi cha petroli ambacho injini inahitaji kinaweza kukokotolewa kwa karatasi na kalamu. Injini ya turbo inayotumia petroli ya kawaida hula takribani kilo 0.26 za petroli kwa kila hospawa moja kwa saa. Injini ya hospawa 350 itahitaji basi kilo 91 hivi kwa saa, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa takribani kilo 0.74, hesabu inakuja kuwa lita 123 kwa saa. Ongeza akiba ya asilimia 20, utafika karibu lita 150 kwa saa.

Wengi hukomea hapo, wakaona pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa na kudhani kwamba imebaki akiba kubwa. Namba hiyo ya kwenye boksi hupimwa kwa volti maalumu na kwa presha maalumu, na gari lako halitaipatia pampu hali hiyo kila wakati. Presha ya msingi kwenye reli, yaani bomba linaloligawa petroli kwa nozeli za EJ20, ni takribani baa 3, na regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha hiyo, huipandisha sambamba na presha ya turbo, ili nozeli iendelee kumwaga petroli kwa kiwango kilekile licha ya hewa inayosukuma kutoka upande wa pili. Turbo ikifika baa 1.5, pampu inasukuma dhidi ya baa 4.5, na kila baa inayoongezeka hupunguza lita inazoweza kutoa huku ikiongeza ampea inazovuta. Ndiyo maana unatakiwa kusoma jedwali la pampu kwenye safu ya presha yako ya juu kabisa na kwa volti zinazofika kwenye pampu yenyewe, si kwenye betri.

Volti hizo zinapimwa hivi. Chukua multimita, funga ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri kwa waya mrefu, na nyingine kwenye waya chanya wa pampu pale kwenye plagi iliyo juu ya kifuniko cha tangi, kisha pima wakati pampu inafanya kazi kwa nguvu zote. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Rudia upande hasi, kati ya waya hasi wa pampu na nguzo hasi ya betri. Jumla ya pande zote mbili ikiwa chini ya nusu volti, nyaya za kiwandani zinakutosha, na sioni sababu ya kuzigusa. Ikizidi volti moja, kununua pampu kubwa bila kubadilisha nyaya ni kupoteza fedha, kwa sababu pampu kubwa itavuta ampea nyingi zaidi kupitia njia ileile nyembamba na upotevu utaongezeka.

Hesabu ya waya inaonyesha jambo hili waziwazi. Chukua waya wa shaba wa milimita 1.25 za mraba, ukubwa unaotumika sana katika magari ya Kijapani, wenye urefu wa mita 5 kutoka mbele hadi nyuma. Ukinzani wake ni omu 0.07. Pampu ya kiwandani ikivuta ampea 6 itapoteza volti 0.42 katika waya huo mmoja. Pampu kubwa ikivuta ampea 15 itapoteza volti 1.05, kabla hujahesabu rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), plagi na njia ya kurudi. Waya wa milimita 6 za mraba, kwa urefu uleule na ampea zilezile 15, hupoteza volti 0.22 tu.

Kuhusu pampu yenyewe, zile za Walbro, ambazo sasa hutengenezwa na TI Automotive, ndizo zinazotumika zaidi katika magari haya: ya lita 255 kwa saa inatosheleza injini nyingi za barabarani, na ya lita 450 ni kwa injini zenye turbo kubwa zaidi. Bidhaa bandia za jina hili zimeenea mno sokoni, zikiwa na boksi na maandishi yanayofanana kabisa na halisi. Nunua kwa wakala anayetambulika, na bei ikiwa nusu ya ile ya wengine, iache.

Kufungua tangi

Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, tangi likiwa chini ya robo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo usiegeshe gari juu ya shimo la gereji. Kizima moto cha unga kiwe karibu, na sigara, mashine ya kusaga chuma na taa za umeme wa nyumbani ziwe mbali.

Toa kwanza presha iliyomo kwenye mabomba: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini uiache ijizime yenyewe, kisha piga stata kwa sekunde chache. Baada ya hapo fungua waya hasi wa betri. Katika sedani, ondoa kiti cha nyuma, na upande wa kulia utaona kifuniko cha bati chenye skrubu, na chini yake kifuniko cha tangi chenyewe kilichofungwa kwa nati ndogo kuzunguka. Safisha vumbi na mchanga wote kwa brashi na kitambaa kabla ya kufungua nati yoyote, kwa sababu kinachoangukia ndani ya tangi kitaishia kwenye chujio au kwenye nozeli. Gusa bati tupu la gari kwa mkono ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha inua fremu ya pampu polepole ukiigeuza kidogo ili floti ya geji isipinde.

Piga picha ya fremu kabla ya kutoa chochote. Pampu mpya huja na kichujio chake cha kitambaa, na mwelekeo wa kichujio hicho ni muhimu: kinapaswa kulala kwenye sakafu ya tangi kama kilivyokuwa cha zamani, vinginevyo pampu itavuta hewa kila gari linapokata kona huku tangi likiwa robo. Mpira unaounganisha pampu na bomba la kifuniko lazima uwe umeandikwa SAE 30R10, daraja la mipira inayozama ndani ya petroli. Mpira wa 30R9, ingawa ni mzuri na unatumika kwenye mifumo ya nozeli, umetengenezwa kwa petroli iliyo ndani yake tu. Ukizamishwa, ganda la nje hulainika na kupasuka, na presha huanza kuvujia ndani ya tangi mahali ambapo hakuna atakayeona. Tumia klipu zinazobana sawasawa kuzunguka mpira, si zile zenye matundu zinazokata.

Nyaya zilizomo ndani ya tangi nazo zina masharti yake. Ganda la PVC la nyaya za kawaida hukakamaa na kumeguka likikaa ndani ya petroli, kwa hiyo tumia zile zinazokuja na pampu, au zenye ganda la teflon. Kwa pampu ya lita 450, pini za umeme zinazopita kwenye kifuniko cha kiwandani hupata moto kiasi cha kuyeyusha plastiki inayozishika. Zibadilishwe kwa pini nene zilizotengenezwa kwa ajili ya kupita kwenye tangi la petroli, zenye oringi zake. Angalia pia chanya na hasi mara mbili. Pampu iliyogeuzwa nyaya huzunguka kinyumenyume, ikatoa mlio wa kawaida bila presha yoyote, na fundi akahangaika kutwa nzima akitafuta tatizo kwingine.

Tangi la Impreza limegawanyika pande mbili, kwa sababu shafti ya magurudumu ya nyuma hupita chini yake katikati. Pampu hukaa upande wa kulia, na petroli ya kushoto huvutwa na kifaa kidogo kinachoendeshwa na mkondo wa petroli inayorudi kutoka kwenye injini. Asiyejua hili huchomoa mpira huo wa kurudi au kuuelekeza pengine, kisha gari linakosa petroli ilhali geji inaonyesha nusu. Irudishe mipira yote mahali pake, weka sili mpya, na kaza nati kwa mkono mwepesi, moja upande huu na inayofuata upande wa pili.

Njia mpya ya umeme

Waya mpya unaanzia betri na kuishia kwenye rilei iliyofungwa nyuma, nyuma ya pambo la pembeni la buti, mbali na mdomo wa tangi. Kwa kuwa sehemu yote hiyo ina umeme hata gari likiwa limezimwa, fyuzi iwekwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, isizidi sentimita 20. Fyuzi inalinda waya: kwa waya wa milimita 6 za mraba, ampea 25 au 30 zinafaa. Pitisha waya kwenye gromiti ya mpira unapovuka ukuta wa injini, kisha uende chini ya zulia la milango, usikaribie nyaya za mifuko ya hewa wala mkanda wa kiti.

Kwenye rilei ya ampea 40, waya wa betri unaingia pini 30, pini 87 inaenda chanya ya pampu, 85 inaenda bodi (bati la gari, upande hasi), na 86 inapokea amri, yaani umeme unaoiwasha rilei. Hapo kwenye amri ndipo mafundi wengi hukosea. Impreza nyingi za kizazi hiki zina moduli inayoendesha pampu kwa mapigo ya umeme, kwa ngazi za asilimia 33, 67 na 100 kulingana na mzigo wa injini. Ukichukua amri kutoka waya unaotoka kwenye moduli kwenda pampu, rilei itagongagonga hadi iungue. Amri ichukuliwe kabla ya moduli, kwenye waya unaoilisha umeme kutoka rilei ya kiwandani. Kwa njia hiyo pampu itazunguka kwa nguvu zote muda wote, lakini kompyuta ya injini itabaki na uwezo wa kuizima pampu pindi injini inaposimama. Uwezo huo usiondolewe kwa hali yoyote. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja na swichi ya funguo huendelea kusukuma petroli baada ya ajali, hata kama bomba limekatika mbele ya injini yenye moto.

Waya hasi uwe na unene uleule wa chanya. Kwangua rangi hadi bati ling'ae, kaza kwa boliti na washa yenye meno, kisha paka rangi au grisi juu yake kuzuia kutu. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa plaizi.

Kupima kazi

Rudisha betri, weka funguo kwenye ON bila kupiga stata, na pampu itasikika kwa sekunde mbili hivi. Rudia mara kadhaa huku ukimulika kifuniko cha tangi kwa tochi ya betri. Kukiwa na unyevu wowote, usiwashe injini.

Unapoiwasha, geji ya presha isome baa 3 mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa. Ikisoma zaidi, maana yake regyuleta na bomba la kurudi vimezidiwa na wingi wa petroli wakati injini haina mzigo, hali ambayo huipata zaidi pampu ya lita 450, na tiba yake ni regyuleta kubwa zaidi. Pima tena upotevu wa volti kama mwanzo. Kisha gari liende kwenye dainamo, mashine ya kupimia nguvu za gari likiwa limesimama, na presha ya reli irekodiwe pamoja na presha ya turbo: turbo ikiwa baa 1.4, reli isome karibu baa 4.4 hadi mwisho wa mzunguko. Reli ikianza kushuka wakati turbo imesimama palepale, ondoa mguu, kwa kuwa bado kuna kasoro. Uwiano wa hewa na petroli chini ya mzigo mkubwa uwe karibu 11 kwa 1. Pampu peke yake haiongezi hospawa hata moja. Programu ndiyo itakayoitumia akiba hiyo, na iandikwe baada ya vipimo hivi kukubali.

Baada ya safari ndefu ya kwanza, gusa kishikio cha fyuzi, rilei na plagi ya kifuniko. Vuguvugu ni kawaida, lakini penye moto wa kutoshikika pana kiungo kilicholegea. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kibandiko chini ya boneti mahali fyuzi na rilei mpya zilipo, pamoja na ampea zake, ili fundi mwingine atakayelifungua gari hili asikate waya wenye umeme wa betri akidhani umekufa.