Mtutu wa .22 ukishika utando wa madini ya risasi

Wenye bunduki za .22 zenye leseni hapa Moshi, hasa ninyi wa mashambani mnaohangaika na nyani: kama shabaha imeanza kutawanyika, toa risasi zote, hakiki chemba (sehemu inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) iko tupu, kisha mulika tochi ndani ya mtutu. Ukiona michirizi ya kijivu kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, mara nyingi mbele tu ya chemba, hayo ni madini ya risasi (lead) yaliyoganda. Dawa yenye amonia, ile ya kuondoa shaba kwenye mtutu, haiyagusi.

Nunua waya wa shaba wa kusugulia sufuria, ule wa sokoni Mbuyuni, lakini nenda na sumaku. Ikiunasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Uache, utakukwaruzia mtutu. Kata nyuzi chache, zungushia brashi kuukuu ya mtutu, dondoshea mafuta mepesi, sugua ukianzia upande wa chemba kama bunduki inaruhusu. Mdomo wa mtutu ukilika, shabaha ndiyo basi tena. Vipande vya kijivu vitatoka kama magamba.

Kuna wanaochanganya siki na haidrojeni peroksaidi. Achana nayo kabisa: inayeyusha madini ya risasi kuwa sumu inayopenya ngozi, na inaweza kula chuma chenyewe.

Vaa glavu, fanyia kazi nje, mbali na watoto na vyombo vya kulia, nawa kwa sabuni. Baadaye, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukimaliza kulenga, na kikavu kabla ya kufyatua tena.