Kabla habari haijaenda mtamboni, isomwe kwa sauti
Ndugu zangu wa vyumba vya habari hapa Dar, juzi ndani ya daladala ya Kariakoo nilikutana na kichwa cha habari, herufi kubwa kabisa: “Hajali ya basi”. Iliniuma. Kompyuta huenda isilinase kosa hilo, kwani “hajali” nalo ni neno halali. Ndivyo ilivyo kwa kura na kula, mahari na mahali. Basi chapeni habari kwenye karatasi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate na kalamu akisaka h, r na l tu. Msomaji akiishiwa pumzi, hapo pengine pamekosekana mkato. Mkibishana, fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ipo tangu 1981.