Kabati la vifaa kutoka shiti moja ya plaiwudi

Ukimwomba seremala wa hapa Temeke kabati la vifaa, atakupigia hesabu ya mninga. Kwa kabati la kuwekea madebe ya rangi na mashine ya randa, huko ni kuuonea mti. Chukua plaiwudi ya milimita 18, shiti ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kabla ya kulipa itazame ubavuni: tabaka ziwe zimeshikana, bila matundu. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, sikushauri. Sakafu zetu hupandisha unyevu masika, na MDF ikishakunywa maji imevimba moja kwa moja.

Kama duka lina mashine ya kupasulia, wakupasulie palepale mistari mitatu ya sentimita 40 kwa urefu wa shiti. Msumeno hula kama milimita 3 kila unapopita, na nafasi hiyo ipo. Kila mstari ukate mara tatu kwa sentimita 80, upate vipande tisa: ubavu mbili, milango miwili, juu, chini na shelfu mbili. Cha tisa kichane fito za sentimita 5. Mistari ikikatwa hivi, nyuzi za uso zinakimbia kwa urefu wa shelfu, na ndiko nguvu iliko.

Vipande vinne vya kulala vinaingia katikati ya ubavu, kwa hiyo vipunguze hadi sentimita 76.4. Lakini pima kwanza unene halisi, maana iliyoandikwa 18 mara nyingi haifiki. Toa unene wa ubavu mbili kwenye 80, fuata jibu hilo.

Paka gundi nyeupe ya mbao, toboa kwanza kwa drili ya milimita 3, ndipo ufunge skrubu za milimita 4 kwa 50. Ukiruka kutoboa, ukingo wa plaiwudi unapasuka katikati ya tabaka. Zile skrubu nyeusi za gipsamu waachie watu wa dari. Ni ngumu lakini hukatika shingo. Chini ya ukingo wa mbele wa kila shelfu gundisha ufito mmoja uliosimama, shelfu isije ikabonyea.

Sasa mgongo, kipande cha pembeni cha plaiwudi ya milimita 6, sentimita 80 kwa 80. Hapa usiwe na haraka. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Kwa kabati hili kila kipimo kiwe karibu 113.1. Kimoja kikizidi, zibane kona zake mpaka vilingane, ndipo upigilie misumari. Mgongo ukishashika, kabati haliyumbi tena.

Liinue juu ya vipande vya mbao mbili kwa nne vilivyopakwa dawa ya mchwa. Kingo zote zipake sila, rangi ya kuziba mbao, mara mbili, kwani maji huingilia huko kuliko usoni.

Milango iwe ya mwisho, kabati likiwa limeshakaa mahali pake na kufungwa ukutani kwa fisha (plagi za plastiki za skrubu), pima maji ikiwa imekubali. Punguza kila mlango milimita 2 kwa upana. Tumia bawaba za makabati ya jikoni, zile za kikombe cha milimita 35. Tundu lisizidi kina cha milimita 13. Mlango ukikaa upande, unaurekebisha kwa bisibisi tu bila kung'oa kitu.