SOMO: Kupima mtiririko wa damu kwenye kongosho kwa MRI, bila sindano

Inboksi imejaa swali hili moja, damu ya kongosho inapimwaje bila sindano, basi naliweka hapa tumalizane. Njia hii haitumii gadolini, ile dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani. Mawimbi ya redio yanapindua usumaku wa maji yaliyomo kwenye damu, halafu unatazama damu ipi imeingia kwenye kongosho. Naongelea mashine ya Tesla 3 (nguvu ya sumaku yake).

1. Mgonjwa afunge kula kwa muda wa saa 4 hadi 6. Akila, damu ya tumboni inaongezeka.

2. Mvalishe koili ya tumbo (antena ya kupokea mawimbi), na mkanda wa kufuatilia pumzi.

3. Picha za kawaida kwanza, ujue kongosho limelalaje. Mkia mara nyingi uko juu kuliko kichwa.

4. Kupanga bandi, yaani kipande cha mwili unachokipindua usumaku. Hapa ndipo kazi za watu huharibika. Picha zinapigwa jozi jozi: ya kwanza umepindua bandi nyembamba tu iliyofunika kongosho, ya pili umepindua kila kitu. Toa moja kwenye nyingine, kinachobaki ni damu iliyoingia. Sasa, aota, ateri kuu ya mwili, inapita nyuma tu ya kongosho. Bandi ikiigusa, damu inayoingia inakuwa imepinduliwa kwenye picha zote mbili, tofauti inatoweka, na kongosho zima linaonekana halina damu. Utamwandikia mtu ugonjwa asio nao! Laza bandi mbele ya aota na uihakiki kwenye picha ya ubavuni. Picha ya mbele pekee itakudanganya.

5. Baada ya kupindua subiri sekunde 1.2 hadi 1.5, ndipo upige. Jozi 30 hivi, maana tofauti ni asilimia chache tu ya mwangaza.

6. Piga na picha moja isiyopinduliwa, ya kukokotolea kiasi cha damu.

7. Kagua kila jozi kabla ya kutafuta wastani. Ukiona ukingo mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili, hiyo ni pumzi, si damu. Itupe.

MASWALI

Mdau_Rada: Mkuu, gadolini unachoma dakika ya ngapi?

Jibu: Soma kichwa cha somo.

Bi_Picha: Samahani kaka, kwa nini kwangu kichwa na mkia havilingani hata kwa mtu mzima wa afya?

Jibu: Swali zuri, dada. Kichwa kinalishwa na matawi ya ateri ya tumbo na duodeni pamoja na ya mesenteri ya juu. Mwili na mkia vinategemea zaidi ateri ya wengu. Damu haifiki kote kwa wakati mmoja. Jaribu muda wa kusubiri tofauti tofauti, uone kama pengo linapungua.

Mdau_Rada: Kwa hiyo inaonyesha saratani?

Jibu: Inasaidia, haitoi hukumu. Adenokasinoma, saratani ya kongosho iliyo ya kawaida zaidi, ina nyuzi nyingi ngumu, hivyo damu yake huwa kidogo. Insulinoma, uvimbe unaotoa insulini, kwa kawaida ina damu nyingi. Jibu la mwisho ni la patholojia, kipimo cha kinyama maabara.

Kijana_wa_Koili: Sisi tunawapa wagonjwa juisi ya nanasi kabla ya picha za mirija ya nyongo. Manganizi, madini yaliyomo kwenye juisi hiyo, inazima mwangaza wa maji ya tumboni kwenye picha. Niitumie na hapa?

Jibu: Kwa mirija sawa kabisa, ni bei nafuu na wanaipenda. Hapa hapana, ina sukari na tumemfungisha mtu. Mpe baada ya kumaliza jozi zako, kisha uendelee na mirija.